Siku Nane Nilizojifungia na Baridi

Nilimpa mume wangu mpaka meli ya mwisho wa mwezi. Nilisimama katikati ya sebule, mikono kiunoni, nguo imelowa jasho tangu alfajiri, nikamwambia kwa sauti ambayo nyumba ya pili waliisikia. Kama joto la Mtwara halina dawa, mimi napanda meli mpaka Dar es Salaam, na kutoka huko narudi Njombe kwa mama yangu, ambako mtu analala na mablanketi mawili. Yeye abaki na bandari yake.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sitini. Tulikuwa na mwaka mmoja na nusu katika ndoa, na miezi tisa tu Mtwara. Mume wangu, mtu wa Njombe kama mimi, alikuwa fundi umeme bandarini, nami nilifundisha darasa la tatu. Wanaonijua leo hawaamini kwamba nilitaka kumwacha mume kwa sababu ya jasho. Lakini hao hawajaota harara shingoni, kifuani na mgongoni kwa wakati mmoja, kisha wakasimama mbele ya watoto arobaini na tano huku chaki inalowana mkononi. Usiku silali, mchana sili. Na nina hasira za karibu, hilo sikulificha wakati ule na silifichi sasa.

Aliyenichoma zaidi alikuwa jirani yangu, mama mtu mzima wa Mikindani, mjane aliyeishi na mwanawe, karani wa bandari. Nyumba yetu ilikuwa ya mwisho katika mstari wa nyumba za wafanyakazi, kwa hiyo jirani wa karibu alikuwa yeye peke yake. Kila alasiri alipiga hodi akiwa tayari yumo ndani. Kama wengi wa huko alisema "nwalimu" na "nlango", nami nilimtania kwa hilo, naye alinitania kwamba nazungumza kama kitabu cha darasani. Hapo tulikuwa sawa. Ila kwenye joto alinizidi. Mwezi wa saba nilipolalamika alicheka mpaka akashika mbavu.

"Nwalimu, hiki ni kipupwe, mwanangu! Ngoja Novemba."

Novemba ikaja. Alikuwa amesema kweli, na sikumsamehe.

Siku chache baada ya shule kufungwa, alikuja kuniambia anakwenda Mikindani na mwanawe kwenye harusi ya binti wa dada yake, atakaa wiki moja na zaidi. Akauliza kama bado nina mpango wa kusafiri. Alikuwa anatabasamu. Nikaona ananicheka tena, nikamjibu bila kumtazama, "Siku yoyote, meli ikija tu." Akaitikia, akaenda zake.

Kesho yake mume wangu alirudi kutoka kazini kwa baiskeli mbio, akaiangusha mlangoni. Yeye ni mtu wa maneno machache, lakini siku hiyo maneno yalimtoka yote pamoja. Injinia mmoja Mzungu alikuwa amemaliza mkataba na anafungasha kurudi kwao. Nyumbani kwake, ukutani, kulikuwa na sanduku la chuma ambalo mume wangu ndiye aliyelitengeneza kila lilipogoma. Injinia alimwuliza achukue ukumbusho gani, redio au meza, naye akasema anaomba lile sanduku.

"Mke wangu," alisema, "nimepata baridi."

Leo tunaita kiyoyozi. Siku zile neno hilo hatukuwa nalo, tulisema mashine ya baridi, na mimi nilikuwa sijawahi hata kuigusa. Ilikuwa kitu kimoja kizima: mbele ina matundu ya kutolea ubaridi, nyuma ina mapezi membamba ya bati, na nyuma hiyo lazima ikae nje ya nyumba ili itapike joto huko. Maana yake ni kwamba ukuta utobolewe. Nyumba ilikuwa ya bandari, basi akaomba ruhusa kwa barua, na barua ikarudi na mhuri. Nadhani aliyeigonga mhuri hakuisoma vizuri.

Jumamosi ile sitaisahau. Mume wangu alichagua ukuta wa pembeni, ule usiotazama nyumba ya jirani, akachora mraba kwa chaki yangu, akaanza na tindo na nyundo. Matofali yale ya saruji yalikuwa magumu. Alipiga taratibu, kipande baada ya kipande, mpaka uvumilivu ukaniisha. Nikamnyang'anya nyundo. Nilipiga ule ukuta kwa hasira zote za miezi tisa, vumbi likanijaa puani, na mwanga wa jua ulipochungulia upande wa pili nilipiga kelele hata kuku wa jirani wakatawanyika. Mume wangu alikaa chini akicheka. Alisema angejua, angenipa nyundo tangu Machi.

Tukapigilia fremu ya mbao za mninga katika tundu. Wakaja vijana wanne wa bandarini kuinua mashine, maana ilikuwa na uzito wa mtu mzima. Moja, mbili, tatu, ikaingia, ikagoma nusu, ikatolewa, mbao zikapunguzwa kwa randa, ikaingia tena. Niliposimama mbali niliona imelala kidogo kwa nyuma, nikasema imepinda. Mume wangu akaniwekea pima maji juu yake kwa maringo.

"Imepinda kwa makusudi. Hii inakamua maji kwenye hewa. Ikikaa sawasawa, maji yatarudi sebuleni kwako. Lazima yamwagikie nje."

Akaziba nyufa kwa saruji, akavuta waya wake peke yake kutoka kwenye mita, waya mnene, akakagua kila kiungo mara mbili. Vijana wanne hawakuondoka, walitaka kuona. Akanipa mimi heshima ya kubonyeza. Nikabonyeza. Taa ya sebuleni ikafifia, mashine ikakohoa, ikanguruma, na ikanipulizia usoni hewa ya vuguvugu yenye harufu ya vumbi na chuma. Moyo ukanishuka. Kisha hewa ikawa si ya vuguvugu. Kisha ikawa baridi, baridi ya kweli, ikanipita shingoni kwenye harara, nami nikalia machozi mbele ya vijana wa watu. Mume wangu, shemasi wa kanisa, akacheza ngoma peke yake mpaka akagonga meza.

Jioni ile nilifungua sanduku la nguo nikatoa sweta aliyonifumia mama. Nilivaa sweta Mtwara, mwezi wa Desemba, na nililala usingizi kama wa mtoto.

Mume wangu alitoa masharti: mlango ufungwe, madirisha yafungwe, vipande vya magazeti vijazwe kwenye nyufa za vioo. Mashine ile haikuwa na nguvu ya kupoza mtaa mzima. Nilitii kwa furaha. Asubuhi mume wangu akitoka, nilisukuma mlango, nikarudisha komeo, nikakaa na ufumaji wangu. Harara ikaanza kukauka. Nilikula mpaka nikaogopa. Meli moja ilikuja katikati ya wiki, ikapakia korosho, ikaondoka, na hata sikuisikia honi yake kwa ngurumo ya mashine.

Siku ya nne ndipo nilipogundua kwamba hakuna mtu aliyepiga hodi. Hata mmoja. Mwuza samaki alipita bila kuita. Watoto waliokuwa wakija kuomba niwasomee hadithi hawakuja. Nikajisemea ni wivu, wameona nimepata baridi. Siku ya sita nikaanza kusengenya mtaa mzima ndani ya kichwa changu, maana sikuwa na mwingine wa kusengenya naye. Niliudhika, na chini ya maudhi hayo nilikuwa mpweke, ila sikukubali kulisema.

Nilichokuwa sijui ni kitu kidogo. Kwetu Njombe mlango umefungwa saa zote, kwa sababu ya ubaridi, na anayekutaka anaugonga tu. Huku pwani mlango wa nyumba yenye watu huachwa wazi mchana kutwa. Ukifungwa, wenyewe wamesafiri, au hawataki mtu, na mwenye adabu haugongi.

Siku ya nane, saa za chakula cha mchana, umeme ulikatika. Mashine ikanyamaza ghafla na masikio yangu yakafunguka. Nikasikia baiskeli ya mume wangu ikisimama nje, na sauti ya jirani yangu ikimpokea hapo hapo kwenye ngazi.

"Pole, baba. Nimerudi leo asubuhi, nikaona nlango umefungwa, madirisha yamefungwa. Nikajua. Nwalimu kaondoka na ile meli."

"Mama, kwa kweli..."

"Usiseme kitu. Mwanaume akiachwa hana la kusema. Nimekupikia wali na pweza, kaa ule."

Nikasikia kawa la chakula likifunuliwa. Mume wangu ana ulimi mzito, lakini alikiri baadaye kwamba siku hiyo hakunyamaza kwa uzito wa ulimi tu, alitaka kusikia mwisho wake. Nami nilikuwa nimeshafika mlangoni, mkono juu ya komeo, tayari kutoka na kucheka.

"Hakuniaga," alisema yule mama, na sauti yake haikuwa ile ya kunitania. "Limeniuma. Lakini angeniagaje, na mimi nilikuwa namcheka kila siku? Ntoto wa watu yuko mbali na mama yake, analia joto, mimi nacheka. Nilidhani akicheka na mimi atazoea. Nwandikie barua, baba. Nwambie arudi. Mchana aje kwangu, alale ukumbini pale panapopita upepo, mimi nitakaa nimpepee. Sina kazi mimi. Nitampepea mpaka alale."

Niliona haya. Miezi tisa nilikuwa nimehesabu kicheko chake kuwa kejeli, kumbe alikuwa anatafuta urafiki tu. Nikavuta komeo, nikafungua mlango wote.

Alinitazama kuanzia miguuni mpaka kwenye sweta. "Astaghfirullah!" Kisha akanipiga bega kwa kiganja, mara moja, kwa nguvu, na kunikumbatia huku ananisuta. "Kumbe umo! Siku zote hizi umo ndani, nlango umefunga! Nimekukosea nini, mwanangu?"

"Hujanikosea, mama. Mimi ndiye nimekukosea." Nilikuwa nalia na kucheka. Nikamshika mkono kumwingiza, na hapo umeme ukarudi, mashine ikanguruma, akaruka nyuma nusura amwangukie mume wangu na sahani yake. Nilimkalisha mbele ya mashine. Akanyoosha vidole polepole kwenye ile hewa, akajifunika khanga kichwani, akajikunyata.

"Kwenu ndivyo kulivyo?"

"Kwetu ni zaidi ya hivi."

"Basi ulikuwa na haki ya kulia," akasema.

Mtaani walikuwa wameona mlango uko wazi. Mtoto mmoja akachungulia, akafuata wa pili, halafu mwuza samaki na kapu lake, na kila mmoja alisema hodi akiwa ameshaingia. Mume wangu akapaza sauti kutoka kwenye ngazi, tonge mkononi.

"Fungeni mlango! Baridi yote inatoka!"

"Acha itoke," nikamwambia. "Na ile meli, usinikatie nafasi."