Mshale Ulioshuka Njiani Kwenda Kabambare

Nyangwe ya utotoni mwangu ilinuka samaki wa kukaushwa kwa moshi na matope ya mto Lualaba. Harufu hiyo iliingia kwenye nguo, kwenye mikeka, hata kwenye chai ya asubuhi, nasi hatukuitambua mpaka tuliposafiri na kuikosa. Nyumba yetu ilikuwa karibu na gati la mitumbwi, kwa sababu baba alikuwa akimtunzia bohari Mzungu mmoja mfanyabiashara, mtu wa kisiwa chenye milima mikubwa, mbali sana. Siku Mzungu huyo alipofunga biashara na kurudi kwao, alimwachia baba barometa yake, chombo cha shaba cha duara cha kupimia hewa, chenye kioo na mshale, kilichoandikwa kwa Kifaransa: hali njema, mvua, tufani. Alimweleza kwamba kisiwani kwao upepo hupiga mlima, hewa ikajilundika upande mmoja na kuwa nzito, na upande wa pili ikawa nyepesi. Mvuvi wa huko hashushi mashua majini kabla ya kuutazama mshale.

Baba aliitundika ukutani akaipenda. Mimi pia niliipenda. Kila asubuhi mshale ulipanda kidogo, alasiri ukashuka kidogo, kama kifua cha mtu aliyelala. Alasiri moja ulishuka kuliko kawaida, baba akawasihi wavuvi wasivuke. Kabla ya magharibi dhoruba ikaupiga mto, na mtumbwi uliofungwa vibaya ukapasuka kwenye mawe. Tangu siku ile watu walipita mlangoni wakiuliza, "Baba Salima, mushale unasema nini?" Salima ndiye mimi. Naye baba, aliyekuwa mpole wa maneno, akaanza kuzungumza kama mtu mwenye siri na mbingu.

Kiangazi kilipokuwa kinakwisha ikaja habari kwamba nyanya, mama wa mama yangu, alikuwa mgonjwa sana Kabambare. Sikuwa nimewahi kumwona. Nilichokijua ni kwamba nilifanana naye kipaji cha uso, na kwamba alikuwa ameomba niletwe. Tulipanda lori la pamba hadi Kasongo, kisha tukashika njia kwa miguu, mama akiwa na mdogo wangu mgongoni na baba akiwa amebeba barometa ndani ya kitambaa kama mtoto mwingine. Nchi iliinuka polepole, kilima baada ya kilima. Kila tulipopumzika baba aliifungua, na kila alipoifungua mshale ulikuwa umeshuka zaidi. Tulipofika kijiji cha Lusangi ulikaribia neno tufani.

Baba aliingiwa na hofu. Tulipewa chumba kwa jamaa mmoja, na kesho yake baba akakataa kuendelea na safari.

"Mvua kubwa iko inakuja," alisema. "Sitaingiza batoto mu pori."

Mama alitoka uani, akatazama juu. Mbingu ilikuwa nyeupe, haina hata wingu. Akarudi akakaza mtoto mgongoni.

"Baba Salima, mama yangu hawezi kungoja mushale. Ngoja ngoja huumiza matumbo."

Nililia nifuatane naye, lakini unyayo wangu ulikuwa umevimba kwa mwiba, nisingeweza kwenda mwendo wake. Akaondoka na wanawake waliokuwa wakielekea huko. Mimi na baba tukabaki tukiutazama mshale ulioganda palepale chini, huku jua likiwaka na nyasi zikikauka. Hakuna tone lililoanguka. Mwishowe, baada ya siku kadhaa, baba alikifunga chombo kitambaani, akanibeba mabegani, tukaenda.

Tulifika Kabambare tukakuta wanawake wameketi chini, vichwa vimefungwa vitambaa. Nyanya alikuwa amekwisha kuzikwa. Mama alikuwa amemkuta hai. Alimwosha, akamlisha uji, wakazungumza mpaka sauti ya mgonjwa ikaisha. Nyanya alikuwa ameniulizia.

Mjomba wangu, aliyefundisha shule ya misheni, aliitazama barometa akamwambia baba taratibu: "Shemeji, hewa ni kama magunia ya pamba yenye kupangwa. Gunia ya chini inabeba zote, ya juu inabeba kidogo. Hapakuwa tufani. Wewe ulipanda mulima tu, na kule juu hewa ni nyepesi, mushale unashuka."

Baba alikaa chini, akafunika uso kwa viganja. Nilitarajia mama amkaripie. Badala yake alimwekea ugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo, akamnawisha mikono, akasema, "Kula. Umefika." Usiku huo baba alilala nje pamoja na waombolezaji, na asubuhi akaenda kung'oa magugu kuzunguka kaburi kwa mikono yake, nami nikimfuata.

Siku hizi pikipiki hupita njia ile, ikiwa matope yanaruhusu, na wajukuu wangu wana simu zinazowaonyesha mvua kabla haijanyesha. Wanajua mengi kuliko baba yangu, nami nafurahi. Ila juzi mmoja alinipigia kutoka Kindu: "Nyanya, inaonyesha mvua wiki muzima. Nitakuja ikiisha."

"Kuja tu, mutoto wangu," nilimwambia. "Utalowa, nitakupatia kitenge ya kukauka."

Alifika amelowa mpaka mifupani, anacheka. Nilimshika uso kwa mikono miwili, nikakitazama kipaji chake cha uso kwa muda mrefu.