Somo la Kutoa Nyuma ya Barua

Mwanangu, iko siku moja naikumbuka mpaka leo nikiwa na mvi hizi, na kila ikinijia mwili unanisisimka. Nilikuwa mwalimu kijana katika shule ya msingi upande wa Mwamanyili, miaka ile karatasi zilipoadimika. Daftari langu la maandalio lilikuwa limejaa, na mwalimu mkuu hakutaka kabisa mtu aingie darasani bila maandalio ya somo. Nikapekua begi, nikakuta barua yangu ya kuthibitishwa kazini. Imechapwa upande mmoja, upande wa pili mweupe pe. Basi nikaigeuza, nikaandika humo somo la hisabati la darasa la tatu, kutoa namba zenye sifuri katikati. Usicheke, wewe ambaye maandalio yako yamo kwenye simu.

Baada ya kipindi niliiacha juu ya meza ofisini. Aliyeiokota ni Mwalimu Kabula, mama mtu mzima kutoka Ngulyati, aliyefundisha darasa la kwanza na kusema maneno machache. Akaigeuza, akasoma mbele na nyuma, kisha akaniita pembeni. Akaniuliza kama najua nimefanya nini. Nikamwambia nimeshathibitishwa, hiyo barua ina kazi gani tena? Akasema siku ya kustaafu nitaulizwa. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mwanangu. Nikacheka mbele ya mtu wa rika la mama yangu.

"Kustaafu ni mambo yenu wazee," nikamwambia. "Hiyo ukitaka washia jiko."

Aliikunja, akaitia kwenye kikapu chake, akaenda zake darasani. Mimi nikaisahau siku hiyohiyo.

Mama yule tulimtania sana. Kila likizo, wakati sisi tumejikalia kwenye nyumba za shule tukipiga soga, yeye alikuwa Ngulyati akijenga, tofali kwa tofali, na kupanda ua wa minyaa kuzunguka nyumba yake. Majirani wakifiwa alihudhuria, wakivuna pamba alikuwa nao shambani. Na kila mwaka alikwenda mjini kwenye ofisi ya elimu kuomba aoneshwe jalada lake, ahakikishe kila barua imo na tarehe yake ya kuzaliwa ni ileile kila mahali. Tukasema ana mchumba masjala. Yeye alitabasamu tu, na mwaka uliofuata akaenda tena.

Miaka kumi na miwili baadaye alistaafu, na mimi nikawa miongoni mwa walimu waliomsindikiza na mizigo yake. Njia nzima nilimwonea huruma. Nilishaona wastaafu wanaobaki nyumba ya shule hadi mwalimu mpya anafika mlangoni na godoro lake, nao hawajui waelekee wapi. Nikadhani nampeleka mtu kuanza maisha uzeeni.

Lahaula, tulipofika! Minyaa ilikuwa imenipita kimo. Jiko lilikuwa linafuka moshi. Wanawake wa jirani wakatoka kumpokea, "Mwadila, mayu," wakimsalimu kama mama yao, na hapakuwa na hata mmoja aliyemwita mwalimu. Kumbe yule mama hakuwa anahamia. Alikuwa anarudi nyumbani kwake kutoka kazini, kama alivyofanya kila likizo. Nilisimama pale uani mdomo wazi, nikaona mimi ndiye mwenye kuonewa huruma.

Kisha akafungua sanduku lake la bati. Barua zake zote zilikuwamo, toka ya kwanza ya ajira, zimefungwa kwenye nailoni na kupangwa kwa miaka. Akaingiza mkono chini kabisa, akanitolea karatasi iliyokunjwa. Nikaujua mwandiko wangu.

"Nilisubiri uiulizie, ng'wanone," akasema, yaani mwanangu. "Sasa kazini sipo tena. Itunze mwenyewe."

Machozi yalinilengalenga. Kwa aibu sikusema hata asante. Gulio lililofuata nikanunua sanduku langu la bati, na likizo iliyofuata nikaanza kufyatua tofali.

Zamu yangu ya kustaafu ikafika. Jalada langu lilikuwa limehama ofisi nyingi, na binti wa ofisi ya elimu aliyelikagua akaniambia kwa upole kwamba barua ya kuthibitishwa haimo, na bila hiyo mambo yangu hayataendelea. Pale kwenye benchi nilikuwa nimekaa na mwenzangu aliyekuwa akizunguka kutafuta barua kama hiyo tangu masika. Kama Mwalimu Kabula angenisikiliza siku ile akaiwashia jiko, ningekuwa naombaomba mashahidi uzeeni. Nikafungua bahasha niliyokuja nayo, nikampa barua yangu. Akaisoma, akaigeuza, akakutana na somo langu la kutoa. Akauliza ni nini, nikamsimulia yote. Kisha akaitoa nakala pande zote mbili, ingawa alihitaji mmoja tu, akanirudishia barua kwa mikono miwili.

Kesho yake asubuhi nilikwenda Ngulyati na kitenge cha kumshukuru. Nikakuta kaburi lake ndani ya ule ua wa minyaa. Nilichelewa, mwanangu. Miaka yote ile asante ilikuwa mdomoni.

Kwa hiyo wewe uliyepangiwa kituo juzi, anza leo. Kila barua ya mwajiri ni ya kutunzwa mahali pasipofikiwa na mchwa wala mvua. Ofisini peleka nakala, barua yenyewe ibaki kwako. Jalada lako ulione kwa macho yako mara kwa mara, usingoje mwaka wa mwisho. Nyumba ijenge ukiwa na nguvu na ulale ndani yake kabla hujastaafu, na watu wa hapo wazoee uso wako, uwazike nao wakuzike. Na akiwapo aliyekuokotea kitu ulichokitupa, mwambie asante angali anasikia.

Mungu akujalie, siku ya kuiweka chaki chini, uwe na mlango unaoujua, na ukifika ukute jiko linafuka moshi na watu wanatoka kukupokea.