Choo cha Mabati cha Babu

Kama ulikulia vilima vya Nyamira enzi zetu, bila shaka bado una kovu mahali la kuteleza kwa gome la mgomba. Tulilikalia watatu watatu kutoka kituo cha kuuzia chai hadi mtoni, na aliyekaa mbele ndiye aliyekula matope. Jioni tulicheza kati, mmoja akikwepa katikati na wawili wakimrushia mpira wa karatasi za nailoni, mpaka nyanya aite jina lako mara ya tatu, na hiyo ya tatu aliita akiwa na fimbo. Tulikula ugali wa wimbi na mboga za managu, chungu, huku tukilalamika. Siku hizi vijana wananunua managu hayo hayo mjini kwa bei ya nyama, kwa sababu simu imewaambia ni dawa.

Halafu kulikuwa na bwana afya. Alikuja kwa baiskeli, mguu mmoja wa suruali umefungwa kamba usiingie kwenye mnyororo, akakagua boma moja baada ya jingine. Choo kina kifuniko? Vyombo vinaanikwa juu ya kichanja? Maji ya kunywa yamechemshwa? Habari zake zilimtangulia. Nyanya akisikia yuko ng'ambo ya mto, tulifagia uwanja mpaka kuku wakakosa pa kuchakura, na sufuria ambayo haikuwahi kuchemsha maji ya kunywa ikawekwa motoni itoe mvuke.

Mimi nililelewa kwa babu mzaa mama, na babu hakuogopa ukaguzi. Choo chake kilikuwa na paa la mabati, mlango wa mabati na kifuniko cha mbao chenye mkono. Alinyunyiza jivu mwenyewe kila asubuhi. Wageni walionyeshwa ng'ombe kwanza, kisha choo.

Shida ilikuja na furaha. Mjomba alioa, akamleta anti Kemunto nyumbani, kisha akarudi kazini Kericho. Kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe wana chinsoni, ile heshima ya kuoneana haya. Hawashikani mkono, na hawatumii choo kimoja. Mjomba alisema atachimba chake akija likizo. Likizo zilikuja, zikaisha.

Kwa hiyo anti Kemunto alikwenda kwenye michai alfajiri kabla hapajapambazuka, na tena giza likiingia. Mimi nilisimama kando ya shamba nikiimba, ili mpita njia ajue pana watu. Mchana kutwa alijibana. Mimba ilipofika miezi sita alishikwa na homa na maumivu ya mgongo. Nesi wa zahanati akamwambia wazi: anywe maji mengi na asibane mkojo, la sivyo anaweza kumpoteza mtoto.

Nyanya alimwekea jagi la maji yaliyochemshwa kila asubuhi. Siku moja nikamkuta anti anawamwagia kuku.

"Anti, si nesi alisema unywe?"

"Kunywa si kazi," akasema. "Yakitaka kutoka saa sita mchana, niyapeleke wapi? Kwenye kofia ya babu yako?"

Akacheka, kisha akashika mgongo, kicheko kikaishia hapo. Wiki ile homa ilirudi, kali kuliko ya kwanza.

Bwana afya alipofika, homa ilikuwa bado haijamwacha anti. Babu alimfungulia mlango wa mabati kama anayeonyesha fahali.

"Mzee, humu hata mimi ningelala," bwana afya akasema.

"Lete blanketi," babu akajibu, akacheka.

Bwana afya alikuwa ameshatoa kalamu aweke alama. Mimi sikuwahi kuuweza mdomo wangu.

"Lakini anti Kemunto haingii humo," nikasema. "Anaenda kwenye michai. Ndiyo maana anaumwa."

Nyanya alinikata jicho. Babu aligeuka akawaangalia ng'ombe. Bwana afya alikuwa Mkisii kama sisi, na alijua kwamba kumsemesha mzee habari za haja ya mkaza mwana wake ni kumvua nguo uwanjani. Akafungua daftari.

"Boma hili lina watu wangapi?"

"Tisa," nyanya akasema.

Akapitisha kidole kwenye ukurasa, polepole. "Kitabu kinasema wakizidi wanane, vyoo viwe viwili. Sheria si yangu, mzee. Nikirudi nisikute kimoja."

"Kama ni serikali," babu akawaambia ng'ombe, "basi ni serikali."

Mimi nilikuwa chini ya kiwiko cha bwana afya, na kusoma nilijua. Ukurasa ule ulikuwa na majina ya maboma na, chini yake: sukari, kiberiti, tairi la nyuma.

Jioni nyanya alinichapa. "Hii ni ya mdomo," akasema. Kisha akanipa ndizi mbivu. "Na hii pia."

Babu alianza kuchimba Jumatatu, nyuma ya migomba. Sote tulidhani anamchimbia Kemunto. Udongo wa kuta ulipokauka, alichukua kopo lake la jivu akahamia yeye kule, kwenye choo chenye gunia badala ya mlango. "Kile cha mabati huko juu magoti yangu hayakiwezi," akasema, yeye aliyepanda kwa miguu hadi sokoni Kebirigo kila wiki.

Siku anti Kemunto alipovuka uwanja saa sita mchana, jua la utosi, kwenda kufungua mlango wa mabati, hakuna aliyemwona. Ghafla nyanya alikuwa na maharagwe ya kuchagua, mimi nilikuwa na kuni za kupanga, na babu alilala kwenye kiti akiwa macho. Jagi lilianza kuisha kila siku. Mvua za masika zilimkuta mtoto wake, Moraa, amezaliwa, analia kwa sauti ya kusikika mtoni.

Niliacha shule darasa la sita, nikazunguka. Nimechuma chai Kericho, nimeuza ndizi Masimba, nimepika hotelini Naivasha, na kila mahali husoma mabango ya afya ukutani. Sheria ya watu wanane sijaikuta popote.

Leo ushauri hautoki ng'ambo ya mto kwa baiskeli. Unafika kwenye simu kabla hujanawa uso, na mwingi ni wa kweli kuliko ule wa bwana afya, ila haujui nani yuko kwenye boma. Moraa anakaa Nairobi, hatembei bila chupa ya maji, utadhani anavuka jangwa. Kila asubuhi hutuandikia kwenye kundi la familia: "Wapendwa, tunyweni maji, ni jambo rahisi tu."

Mara nyingi nimeanza kumjibu. Kisha naona mama yake ameshaandika, "Asante mwanangu, nimekunywa," nami nafuta yangu.