Njia ya Kupitia Webuye

Mzee aliyetunza mtandao wetu wa Bungoma aliacha mazungumzo ya mahari ya binti yake katikati, kwa sababu laini ya Kitale ilikuwa imekatika. Wageni walikuwa wameshaketi, kuku wameiva, na msemaji wa ukoo wake alikuwa amesimama aanze kuzungumza. Simu ikalia. Ilitoka ofisini. Alitoka kwake Kabuchai, akapanda baiskeli ya bodaboda, akaenda mjini. Aliporudi, upande wa kijana ulikuwa umeondoka ukinuna, na mkewe akakaa siku kadhaa bila kumsemesha.

Tulifanya kazi katika shirika la kuuza mbegu na mbolea. Ofisi kuu ilikuwa Kitale, nami nilikuwa fundi wa kompyuta hapo. Kulikuwa na matawi Webuye na Bungoma, na duka dogo Bumula lililounganishwa na Bungoma. Ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili. Rekodi za wakulima wote zilikaa kwenye kompyuta moja ya Kitale. Bungoma ikishindwa kuifikia, mkulima alirudi nyumbani mikono mitupu hata kama magunia yamepangwa mbele ya macho yake na mvua imeanza kunyesha.

Kila ofisi ilikuwa na ruta, kile kisanduku kinachopokea data na kuamua ipite laini gani. Ofisi tatu kubwa ziliungana kama pembetatu, kwa hivyo laini ya Kitale na Bungoma ikifa, ilibaki njia ya kuzungukia Webuye. Lakini ruta zetu zilijua njia tulizoziandikia kwa mkono tu, basi. Laini ikikatika, mimi nilibadilisha njia upande wa Kitale, na yeye akabadilisha upande wa Bungoma, maana hata majibu yanahitaji njia ya kurudia. Meneja hakuruhusu ruta iguswe kutoka mbali. Ndiyo maana ilikuwa lazima mzee afike mwenyewe, awe shambani, kanisani au matangani.

Niliposikia habari ya mahari nilimwendea meneja, nikamwambia kuna dawa ya jambo hili: itifaki ya kutafuta njia, yaani kanuni ambazo ruta hufuata kuambiana njia zenyewe. Ruta hizo hizo tulizokuwa nazo zingeweza kuitumia. Alikubali. Nikaiweka kwanza Kitale na Webuye, kisha nikatumwa Bungoma.

Mzee alinipokea kwa chai na mandazi katika chumba nyuma ya stoo, kilichonuka mbolea mpaka kwenye makaratasi. Alikuwa mtu mrefu, shati limepigwa pasi vizuri, kalamu mbili mfukoni.

“Sasa madam, hii kitu yako itajuaje njia na hakuna mtu ameiandikia?”

“Itaambiwa na majirani, mzee. Kila nusu dakika ruta ya Webuye itaiambia ya Bungoma, ‘Mimi ninafika Kitale, ni hatua moja kutoka kwangu.’ Ya Kitale nayo itasema yake. Ya Bungoma inalinganisha, inachagua njia yenye hatua chache.”

“Na jirani akinyamaza?”

“Inamngoja kidogo. Akizidi kunyamaza, inahesabu kwamba njia ile haipo tena, inashika nyingine.”

Alitafuna andazi akifikiri. “Lakini jirani anaweza kunirudishia maneno yangu mwenyewe. Mimi nimwambie nafika Bumula. Kesho laini ya Bumula ikatike, yeye aniambie, ‘Usijali bana, mimi nafika Bumula.’ Kumbe anafika kwa kupitia kwangu!”

Nilicheka, kwa sababu mimi nilipofundishwa jambo hilo chuoni lilinisumbua muhula mzima. Nikamweleza kwamba waliotunga itifaki waliliona. Waliweka sheria: habari uliyoipata kwa jirani usimrudishie jirani yule yule. Na kwa kuwa uvumi bado unaweza kuzunguka kupitia mtu wa tatu, waliweka kikomo: hatua zikiongezeka mpaka kumi na sita, kila mmoja anajua mahali hapo hapafikiki, anaacha kupeleka data huko.

“Wamefanya vizuri,” akasema. “Uvumi wa matangani hauna hicho kikomo.”

Tuliandika maagizo pamoja, yeye kwenye kibodi, mimi nikisoma. Kisha nikampigia mwenzangu wa Kitale achomoe waya wa laini ya moja kwa moja. Tukatazama jedwali la njia kwenye skrini. Mstari wa Kitale ulitoweka. Baada ya muda ukarudi, na safari hii ulionyesha Webuye. Kule mbele ya stoo karani wa mauzo, mama mmoja aliyeishi karibu na msikiti, alikuwa akiendelea kumhudumia mteja. Hakujua kuna kilichotokea.

Nilifurahi sana, nikageuka nimpe mzee mkono. Alikuwa ameegemea kiti, anatazama ile skrini.

“Mzee, vipi?”

“Mimi nilikuwa opereta wa simu,” akasema polepole. “Zamani hizo. Mtu anataka Kitale, mimi namuunganisha kwa waya, hivi. Nilijua sauti za watu wote wa huu mji. Halafu wakaleta mashine inajiunganisha yenyewe. Walitupea soda na keki, wakatuambia asante.” Akafuta midomo kwa leso. “Naona nimefika hapo tena.”

Nilikuwa nimekuja nikidhani ninamfungua mtu kamba, na huenda ndiyo iliyokuwa ikimshikilia kazini. Nilimwambia nitasema na meneja, naye akaitikia kwa adabu, kama mtu aliyewahi kuahidiwa.

Na kweli, meneja alikuwa ameshalifikiria. “Kama ruta zinajitafutia njia,” akaniuliza, “yule mzee wa Bungoma anafanya nini?”

Nikamwambia itifaki huchagua kati ya njia zilizopo, haichimbi nyingine. Bumula ilikuwa na laini moja tu. Ikikatika, ruta zingezungumza mpaka zichoke na duka lisifikike. Na hata laini ya Kitale ikifa, wateja hawatajua, lakini lazima awepo anayejua na kuitafutia fundi, la sivyo ya Webuye nayo itakufa na tutabaki gizani. Nilisema mengi kuliko nilivyopanga. Meneja aliniangalia, kisha akasema mzee abaki, asimamie laini za Bungoma, Bumula na Webuye pia. Nilimpigia mzee saa hiyo hiyo. Akasema, “Mungu akubariki, binti yangu.” Hakuniita madam tena.

Wakwe walirudi wakaombwa radhi, na harusi ikafanyika Kabuchai mwezi wa Disemba. Nilialikwa. Katikati ya chakula nilimwona mzee akitoa simu mfukoni mara kwa mara, akiitazama, akiirudisha. Mwishowe alinijia.

“Hakuna mtu amenipigia. Si iko sawa?”

Nilimpigia yule karani wa Bungoma. Akasema asubuhi mashine ziliganda kidogo kisha zikaendelea. Nikampigia na mwenzangu wa Kitale, akathibitisha: laini ya Kitale na Bungoma ilikuwa chini tangu saa nne, na data yote ilikuwa ikizungukia Webuye. Nilipomweleza mzee, alisimama wima, nikadhani atatafuta baiskeli. Kisha mkewe akamwita wakapigwe picha na maharusi, akaenda.

Alifanya kazi mpaka akastaafu. Mara ya mwisho nilipomtembelea, nilikuwa nimeshahamia kampuni ya intaneti, akataka kujua kama dunia nzima inatumia itifaki yetu ile ile. Nikamwambia zipo kadhaa. Kampuni kwa kampuni hutumia nyingine, ambapo kila moja humtangazia jirani maeneo inayofikia, na huamua itambebea nani data na nani haitambebea.

“Na mkubwa wao ni nani? Yule anajua njia zote?”

“Hayuko, mzee. Kila mmoja anajua aliyoambiwa na majirani.”

“Na data inafika?”

“Mara nyingi inafika.”

Alitikisa kichwa, akamwita mkewe jikoni aje asikie maajabu haya, na alete njugu zile za kukaanga.