Bunduki ya Mama Watoto

Nimetengeneza mashine za kusaga unga tangu nikiwa na meno yote. Shule niliiacha darasa la tatu, na sioni haya kuandika hivyo, maana nyumba ya mawe ya Ruiru na shamba la Ngoliba sikuvipata kwa cheti. Kwa hiyo bunduki ilipoanza kusumbua, nilisema hii ni chuma kama chuma kingine.

Yenyewe ni shotgani kuukuu ya mtutu mmoja, ile ya kukunja katikati ukitaka kuweka risasi. Ilikuwa ya mzee mmoja mwenye shamba la kahawa, tukaipata kupitia duka lenye leseni. Kibali kiko kwa jina la mke wangu. Shamba ni lake, na yeye ndiye hukaa huko na mbuzi na mahindi, mimi nikishinda Ruiru kwenye kibanda changu cha kazi hadi Jumamosi. Watu walicheka, eti mwanamke na bunduki. Wacheke. Nyani wa kule mtoni hawaogopi mwanamke mwenye jembe. Kuwaua huruhusiwi, unapiga juu, wanatawanyika, unaendelea kupalilia.

Msimu wa mahindi uliopita bunduki ikaanza kumkataa mke wangu. Anavuta, inasema tik, basi. Siku moja nyani walimaliza mistari yote ya upande wa mto yeye akiwa amesimama hapo hapo, na dume moja likakaa juu ya kichuguu, likila huku likimtazama kama mtu aliyealikwa.

Binti yetu wa kwanza, anayeishi Ruiru karibu nami, akasikia. "Dadi, hiyo kitu ikikataa tena, namleta mum hapa kwangu. Mbuzi tutauza. Chumba kipo."

Mke wangu alipoambiwa hakubishana. Alinipigia simu, akasema, "Mzee, kuja utengeneze. Huko Ruiru nitakufa nikiangalia ukuta."

Nikaenda. Akatoa risasi, akanipa bunduki, akaketi kando yangu, mikono ameikunja ndani ya leso.

Nilianza na risasi zilizokataa. Risasi ikilipuka, ile sahani ndogo ya shaba iliyo nyuma yake hubaki na kibonyeo kizuri katikati. Hizi zilikuwa zimekwaruzwa tu, tena pembeni. "Pini haigongi vizuri," nikasema. Nikafungua, nikatoa mafuta ya zamani yaliyoganda na vumbi hadi yakawa kama ugali. Nikajaribu na risasi ya bandia, isiyo na baruti. Inagonga katikati, safi kabisa. Nikarudi Ruiru nikipiga mluzi.

Ikamkataa tena.

Basi ni springi, nikasema. Tukaipeleka pamoja kwa fundi wa bunduki mwenye leseni, mtu wa tumbo kubwa. Akabadilisha springi, akabadilisha na pini, akaipiga mwenyewe huko nyuma kwake, ikalia vizuri.

"Mzee, hii itakuzika," akaniambia.

"Na hilo tumbo? Wewe ndiye utatangulia, nije nile matanga yako."

Tulicheka sana. Mke wangu hakucheka.

Kufika Ngoliba, nyani wako ndani ya mahindi. Akaweka risasi, akafunga, akainua, akavuta. Tik. Nikamwambia aifungue, aweke nyingine. Nikaifunga mimi, mtutu ukiwa juu, nikamrudishia. "Piga." Ikalia hadi mbuzi wakakimbilia jikoni.

Mimi nikiitwa kwa mashine ya unga inayosumbua, sianzi kufungua kitu. Naomba debe la kukalia, namwambia mwenyewe aiwashe na afanye kazi kama kawaida yake, na mimi naangalia mkono unaomwaga mahindi. Mara nyingi ugonjwa uko hapo. Nimefanya hivyo kwa watu nisiowajua, kuanzia Kiandutu hadi Gatuanyaga. Kwangu mwenyewe nikaanza na bisibisi, kwa sababu huo mkono nilidhani naujua.

Nikavuta debe, nikakaa. "Weka ile ya bandia. Funga vile wewe hufunga."

"Unanichunga kama mwizi?"

"Funga, mama."

Akafunga kwa kusukuma na mkono wa mbele, kitako cha bunduki amekibana kwenye nyonga badala ya kukishika kwa mkono wa kulia. Nikamwambia arudie, nikafumba macho nisikilize. Nikifunga mimi, husema neno moja: klak. Yake ilisema kla, ikabaki na nusu mdomoni. Nikafumbua. Ule wenzo mdogo wa juu, unaotakiwa kulala umenyooka, ulikuwa umekaa upande. Mtutu haukuwa umefika nyumbani, na pini ikawa inakwaruza tu pembeni.

"Kaza."

"Nimekaza."

"Haijafika. Kaza."

"Nimekaza, nimekwambia!"

Niliichukua ile bunduki, nikailaza chini, nikashika mkono wake wa kulia. Shina la kidole gumba lilikuwa limevimba kama tangawizi. Vidole vingine havikukunjika hadi mwisho.

"Tangu lini?"

"Kabla ya mvua."

"Na hukusema."

"Niseme, nipelekwe chumba cha Ruiru?"

Nikakumbuka chapati. Kila Jumamosi nikifika hunikandia chapati. Miezi hiyo yote ilikuwa githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha tu, wiki ijayo githeri tena, na mimi nikinung'unika kwamba siku hizi nalishwa kama kibarua.

Simu ikalia. Binti yetu. "Dadi, imepona?"

Mama yake alinitazama. Mimi kuhusu mashine sijawahi kudanganya mtu. "Bunduki ni nzima. Mkono wa mama yako ndio mgonjwa. Kesho tunaenda hospitali."

"Si nilisema! Basi namleta—"

"Humleti mahali. Mimi ndio nahamia huku."

"Wewe? Na kibanda?"

"Kibanda ni mabati, yanang'oleka."

Nikakata simu. Mke wangu akajifunga leso upya kwa mkono wa kushoto.

"Utakuja kwangu na hayo makelele yako?"

"Nitakuja."

"Viatu vya grisi vinabaki nje."

Daktari alisema ni viungo, akampa dawa. Asubuhi zingine anashika kikombe bila shida, zingine hapana. Unga nakanda mimi, na chapati zinatoka na kona. Anazila bila kusema kitu, na yule si mtu wa kunyamaza. Kibali changu cha bunduki nimeomba, bado nangoja. Kwa sasa nyani wakiingia tunatoka wote wawili. Anaweka risasi, mimi nafunga, yeye anainua.

"Sukuma vizuri, Mzee," huniambia kila mara, "isije ikaniaibisha."