Nati Mbili Chini ya Kitambaa

Katika mtaa mzima wa magereji, aliyebaki na seti kamili ya spana za inchi alikuwa mzee mmoja mwembamba, mpole wa sauti, na ndiyo maana wote walimwita Inchi. Magari ya siku hizi hufungwa kwa nati za milimita. Ya Kiingereza ya zamani hufungwa kwa za inchi. Nati za aina hizi mbili hufanana kama mapacha wasioelewana. Mistari ya ndani tu ndiyo inayosema kweli, na mwaka ule wote Inchi alikuwa haioni mistari hiyo.

Hakumwambia mtu. Alizisoma nati kwa vidole. Iliyo sahihi huzunguka kwenye boliti yake laini, bila spana, kama mtu anayerudi kwao; isiyo yake hukwama mzunguko wa pili. Kipimo hicho kilimsitiri vizuri, hata binti yake, aliyefanya naye kazi kwenye meza moja, hakushtuka.

Asubuhi hiyo Mkunga alikuja kuchukua gari lake. Mama huyu mstaafu ndiye aliyewazalisha nusu ya wanawake wa mtaa, na kigari chake cha kijivu cha Kiingereza kilikuwa kimelala kwa Inchi wiki mbili, injini imefunguliwa mpaka tumboni.

"Fundi, hata mimi sikuwahi kumlaza mzazi wiki mbili."

"Limezaa salama, Mkunga."

"Haya. Nawapeleka wajukuu kwa mama yao, kule bondeni."

Wajukuu wawili walishajaa kiti cha nyuma, wanagombania dirisha. Gari likatoka likinguruma kistaarabu.

Ilipita kama nusu saa. Binti alikuwa anakusanya vifaa vya pikapu yao, iliyokuwa haijarudishiwa ekzosi.

"Baba, umechukua nati zangu? Niliweka nane hapa, naona sita."

"Nizipeleke wapi? Hesabu vizuri."

"Nimehesabu mara mbili. Na hizi mbili chini ya kitambaa ni zako. Za inchi."

Inchi akakifunua kitambaa. Nati mpya za injini ya Mkunga zilikuwa nane, mbili kwa kila mkono wa pistoni. Zilikuwa za kujikaza, ambazo hubana tangu mzunguko wa kwanza hata zikiwa kwenye boliti zake. Haziingii kwa vidole. Kipimo chake hakikuzijua hizo. Na spana ya kumi na tatu hushika vichwa vya zote, za inchi na za milimita. Alikumbuka mbili za mwisho zilivyokuwa ngumu, naye akajisifu moyoni: hizi zimeshika kwelikweli.

Kumbe zilikuwa za milimita, zimeshika kwa mistari miwili mitatu tu. Zikiachia, mkono wa pistoni hutoboa injini ubavuni, injini hukakamaa, magurudumu nayo hugoma. Barabara ya bondeni upande mmoja ni mwamba. Upande wa pili hakuna kitu.

Akapiga simu. Iliita mpaka ikakata.

"Anaendesha," binti alisema. "Akishika usukani hashiki simu. Baba, kuna nini?"

"Washa pikapu."

"Haina ekzosi!"

"Washa, mwanangu!"

Waliondoka kwa kishindo kilichowatoa watu madukani. Binti aliuliza kwa kupaza sauti, "Ulizichanganyaje?" Inchi alitazama mbele. Angeweza kusema alipitiwa. Angeweza kusema nati za binti hazikukaa mahali pake, lawama ikamwangukia mtoto. Akasema tu, "Kanyaga mafuta."

Kwenye kila kona alichungulia kwanza chini. Vya mbali aliviona vizuri, na hiyo ndiyo ilikuwa adhabu. Kwenye kona ya tatu aliona kitu cha kijivu kimelala kati ya vichaka. Lilikuwa bati la paa. Kwenye kona ya tano aliona mafuta meusi barabarani, akafumba macho, na alipofumbua yalikuwa yameishia kwenye lori bovu. Alijikuta anahesabu: Mkunga mmoja, watoto wawili. Mkunga mmoja, watoto wawili.

Gari walilikuta baada ya daraja, limeegeshwa, boneti juu. Wajukuu walikuwa wanarusha vijiwe mtaroni. Mkunga alikaa juu ya jiwe, mkoba mapajani, kama anayesubiri zamu yake hospitali.

"Lilianza kugonga," alisema. "Ko, ko, ko. Nimesikiliza mapigo ya watoto tumboni miaka thelathini na minane, mpigo mbaya naujua. Nikazima."

Inchi alitaka kusema pole, badala yake akakaa chini vumbini.

"Si gari, Mkunga. Ni mimi. Nimefunga nati ambazo siyo. Sizioni. Vya karibu sivioni kabisa."

"Tangu lini?" Aliyeuliza alikuwa binti yake.

"Mwaka sasa."

Mkunga aliwatazama wajukuu wake, kisha akamgeukia Inchi.

"Mficha uchi hazai, fundi. Nimewaambia wangapi maneno hayo! Sasa niambie: ni magari mangapi yametoka mikononi mwako kwa huo mwaka?"

Swali hilo Inchi hakuwa amejiuliza. Njia nzima alimwogopea Mkunga peke yake. Sasa mengine yakaanza kumjia kichwani moja moja, na wenyewe ndani yake: Mwalimu na mkewe, mpiga picha, wale ndugu wawili wa duka la vitambaa. Yote ya Kiingereza. Yote ya nati za kujikaza.

Akatoa simu, akampa binti yake. "Nitafutie Mwalimu. Upesi."

Mwalimu alipokea mara moja. Nyuma ya sauti yake injini ilikuwa inalia kwa nguvu.

"Inchi! Hili gari ulilitia nini? Leo linakwenda mbio kama kijana!"

"Mwalimu," Inchi alisema, akiinyakua simu kwa binti, "simama. Hapo hapo ulipo, simama."