Mzizi Uliotoboa Kiriba

Saa moja na robo asubuhi, siku yangu ya kwanza kazini Nachingwea, Msimamizi wa Kitalu aliniamuru nisogeze viriba vyote vya tuta la kwanza, shubiri moja kuelekea kushoto. Viriba ni vifuko vyeusi vya plastiki tunavyojaza udongo na samadi ili kukuzia miche. Nilidhani ananiadhibu kwa kuchelewa.

"Wiki ijayo utavirudisha kulia," alisema.

"Kwa nini, mzee?"

"Mche ni mwizi, kijana. Ukimwacha akae, anatoboa kiriba na kwenda kula ardhi ya chini. Siku ya kumng'oa unamkata mguu, na usoni bado anacheka."

Nilikuwa na elimu ya darasa la saba. Mengine niliyajifunza kwa mikono, kisha kwa vitabu vya mitumba. Nilijua kuosha ute wa mbegu za papai kwa majivu na kuzikausha kivulini. Nilijua kuzoesha miche, yaani kupunguza maji na kivuli kabla ya kuiuza. Nilijua pia kwamba mbegu iliyopandwa moja kwa moja shimoni huelekeza mzizi itakako, ila inachelewa. Anayenunua mche anaokoa miezi miwili, na miezi hiyo anamwachia mtu mwingine amtunzie.

Baadaye nilihamishiwa Ruangwa, chini ya Afisa Kilimo aliyetoka mkoa wa mbali. Huko mke wangu aliugua. Nilikaa naye hospitalini wiki tano, nikamzika, nikarudi kazini. Mipapai ilikuwa imependeza sana. Hakuna aliyekuwa amesogeza kiriba hata kimoja.

Asubuhi hiyohiyo alifika Bi Somoe wa Malolo, mjane, na mbegu za papai zimefungwa katika karatasi.

"Bwana Miche, nishauri. Nipande hizi au ninunue miche yako?"

Wapwa wa marehemu mumewe walikuwa wanalidai shamba dogo alilomwachia kando ya kijito. Kikao cha ukoo kilikuwa baada ya wiki mbili. Mazao ya kudumu yangekuwa ushahidi kwamba shamba lina mwenyewe.

"Mbegu hazionekani," alisema. "Wale wanataka kuona kitu kimesimama."

Nilinyanyua kiriba kimoja. Mzizi ulikatika chini yake kwa mlio mdogo. Nikaenda ofisini kwa Afisa Kilimo.

"Mkuu, mizizi imetoboa. Tuikate, tuiweke kivulini wiki mbili tatu ipone, ndipo tuuze."

"Majani inayo?"

"Inayo."

"Basi uza. Kitalu si wodi."

Neno hilo lilinichoma, lakini silisingizii. Nilirudi kwa Bi Somoe nikamwambia, "Mbegu tia mfukoni, mama. Chukua miche, utawahi." Nikamfungia miche sitini, nikaipanga vizuri kwenye tela la pikipiki ili isivunjike.

Siku ya kikao niliendesha baiskeli hadi Malolo. Majani yalikuwa yameanguka. Bi Somoe alikuwa anazunguka na bakuli, akimwagia maji vijiti. Mpwa mkubwa alisimama ukingoni na wenzake.

"Mke wa mjomba, hizi fito? Unajenga banda?"

Walicheka. Mwenyekiti wa kikao hakucheka. Aliangalia mashimo yale, akasema haoni mazao. Jioni shamba lilikuwa la wapwa. Mimi nilikuwa nimesimama pale na sikufungua mdomo.

Nilistaafu kwa hiari nilipofika miaka hamsini na mitano. Vijana wananiuliza kipi bora, mbegu au miche. Nawaambia: usinunue majani. Nyanyua kiriba, tazama chini. Ukiona mzizi nje, mwachie muuzaji mche wake, ukapande mbegu, hata kama umechelewa.

Wiki niliyopokea mafao nilimtafuta Bi Somoe, nikamkuta kwa binti yake, kijijini Mandawa. Nilimweleza yote: viriba, mzizi, maneno ya ofisini. Alisikiliza huku akichambua mboga.

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua, mama."

"Ungeniambia tu, kaka. Ningepanda mbegu zangu, nikawaonyesha mashimo yenye maji, nikawaomba muda. Wangenicheka, lakini ningekuwa na la kusema."

Nilitia mkono mfukoni. Nikamrudishia pesa za ile miche sitini. Alizipokea kwa mikono miwili, akazihesabu bila haraka, akazifunga kwenye pindo la kanga: shilingi elfu thelathini.